Sauti ya marehemu kwenye wimbo mpya: ni yeye au si yeye?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Chamwino. Kaka yetu alikuwa mwimbaji wa injili, alifariki mwaka jana. Arobaini ilipopita tu, produza mmoja wa Dodoma mjini akatoa nyimbo mbili "mpya" za marehemu, ziko YouTube na Boomplay. Anasema alizirekodi studio kwake kabla ya kifo. Mama amezisikia akasema, "Huyu si mwanangu." Mdogo wetu aliyeko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anasema ni yeye ila amechezewa na kompyuta. Kwaya nayo imegawanyika. Nimekutumia nyimbo hizo, nyimbo zake tatu za zamani, na sauti alizokuwa akinitumia WhatsApp. Tutajuaje ukweli? Na sisi familia tuna haki gani?

JIBU: Marahaba dada yangu, na poleni sana kwa msiba. Nimezisikiliza zote, kwa hedifoni na kwa spika, kisha nikazifungua kwenye Audacity, programu ya bure inayoweza kuichora sauti ukaiona kwa macho. Nikupe maoni yangu mapema usije ukasoma kwa presha. Wimbo wa kwanza naamini ni kaka yako, ingawa siamini maelezo ya namna ulivyorekodiwa. Wimbo wa pili kiitikio ni chake, lakini ubeti wa pili una mashaka. Mashaka hayo siwezi kuyamaliza mimi, wala mama, wala kwaya. Yatamalizwa na faili zilizomo kwenye kompyuta ya produza.

Nianze na sikio, maana ndilo mnalobishania hapo nyumbani. Sikio la mtu wa karibu hushtuka haraka, na mara nyingi halishtuki bure. Tatizo ni kwamba haliwezi kusema limeshtushwa na nini. Mtu anasema "si yeye", kumbe alichokisikia ni Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, au maiki tofauti, au marehemu akiimba na mafua. Mwingine anasema "ni yeye" kwa sababu anatamani awe yeye.

Ubishi wa namna hii umeshafika mbali kuliko Chamwino. Michael Jackson alifariki Juni 25, 2009. Desemba 2010 Sony ikatoa albamu iitwayo Michael, na ndani yake mlikuwa na nyimbo tatu, "Breaking News", "Monster" na "Keep Your Head Up", zilizoelezwa kwamba alizirekodi mwaka 2007 nyumbani kwa marafiki zake, familia ya Cascio, huko New Jersey. Albamu haijafika hata sokoni, baadhi ya ndugu zake na mashabiki wakasema huyo si Michael. Wakaitwa wahandisi na maproduza waliofanya naye kazi, wakasikilizishwa, wakasema ni yeye. Mwaka 2014 shabiki mmoja wa California, Vera Serova, akafungua kesi, na upande wake ukawa na ripoti ya mtaalamu wa uchunguzi wa sauti iliyosema huenda si yeye. Pande zote mbili zilikuwa na watu ambao kazi yao ni kusikiliza, na majibu yakawa mawili.

Mwaka 2018 mitandao ikajaa habari kwamba Sony imekiri mahakamani. Haikukiri, wakili alikuwa anajenga hoja ya kisheria ya "hata tukichukulia kwamba ilikuwa hivyo". Julai 2022 nyimbo hizo tatu zikaondolewa kwenye majukwaa ya kusikilizia, na wahusika wakasema kuondolewa kwake hakuhusiani na nani aliimba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya California ikatoa uamuzi wake, nao haukugusa suala la nani alisimama mbele ya maiki. Ulihusu maandishi. Jalada la albamu lilisema ina nyimbo tisa zenye sauti ya Michael Jackson ambazo hazijawahi kutolewa, na mahakama ikaamua kwamba maneno hayo ni ya kibiashara, kwa hiyo mwenye kuuza hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa sanaa akiulizwa juu yake. Pande zenyewe zilimalizana kwa maelewano. Nani aliimba, hakuna hakimu aliyetamka.

Chukua mawili hapo. Miaka zaidi ya kumi ya kusikiliza haikuleta jibu. Na kilichombana muuzaji ni kile alichokiandika kwenye jalada. Nitarudi kwenye hilo la jalada.

Sasa mama. Nilijiuliza kwa nini ameshtuka hata kwenye wimbo wa kwanza, ambao kwangu una dalili zote za kaka yako. Nadhani sababu nimeipata, na ni ya Kigogo kabisa, yaani ya Wagogo wa Dodoma. Kwenye nyimbo zake za zamani, hasa ule alioimba na kwaya bila kinanda, kuna noti moja ya juu anayoigusa chini kidogo ya pale kinanda kilipo. Si kwamba anaimba vibaya. Muziki wa Wagogo, kama wataalamu walivyoueleza tangu zamani, umejengwa juu ya zile sauti za asili zinazojizaa zenyewe ndani ya sauti nyingine, ambazo ukiugusa uzi wa zeze taratibu unazisikia zikijitokeza moja baada ya moja. Ya saba katika mfuatano huo iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Aliyekulia kwenye muheme, ngoma za akina mama wa Kigogo, au aliyelelewa na redio ikipiga ilimba, kile kinanda cha vidole gumba, na sauti ya Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Dodoma aliyefariki Desemba 2003, noti hiyo anayo masikioni kabla hajajua kwamba kanisani kuna kinanda.

Auto-Tune haina habari hiyo. Produza akiiwekea skeli ya kawaida na kuikaza mpaka mwisho, programu inakuta noti ya kaka yako iko chini, inahesabu ni kosa, inaivuta juu ikae pale kinanda kinapotaka. Inafanya hivyo kila noti ile inapokuja, wimbo mzima. Halafu inanyoosha na ule mtetemo anaouweka mwisho wa mstari. Halafu produza naye, kwa usafi wake, anakata pumzi zote kati ya mstari na mstari. Kinachobaki ni koo la kaka yako likiimba kwa mazoea ya mtu wa mahali pengine. Mama amesikia kweli kwamba kuna kitu kimetolewa. Lakini hilo peke yake halionyeshi kwamba ameimba mtu mwingine, na kwenye wimbo wa kwanza sidhani kama ameimba mwingine. Mwombeni produza toleo ambalo Auto-Tune imezimwa. Kwenye kompyuta yake ni kubonyeza mara moja tu. Mama asikilizishwe hilo, kwa utulivu, bila watu kumzunguka wakisubiri aseme nini.

(Nikiwa hapo hapo: maproduza wetu wa Dodoma, acheni kukaza Auto-Tune kwenye nyimbo zenye asili ya Kigogo. Mnawalipisha watu ili muwaondolee kitu chao.)

Kwa nini nasema wimbo wa kwanza ni yeye? Kabla ya kiitikio cha mwisho kuna sekunde chache ambapo biti inakatika na sauti inabaki peke yake. Hapo ndipo pa kuchungulia. Maiki ya studio, hata ile ya bei ya chini, inanasa sauti hadi mitetemo 15,000 kwa sekunde na zaidi, na herufi kama s na sh huonekana kwenye mchoro zimepanda hadi juu. Kwenye wimbo huu zinakatika karibu na 8,000, mstari umenyooka kama umechorwa kwa rula. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa kawaida hukatikia hapohapo. Zile simu za kitochi zinazorekodi faili za amr hukatikia chini zaidi, hazifiki hata 4,000. Nikafungua sauti alizokuwa anakutumia wewe, nazo zinaishia palepale kwenye 8,000.

Ipo mitambo ya akili mnemba ambayo nayo sauti yake huishia hapo, kwa hiyo mstari huo peke yake hautoshi. Kilichonituliza ni kingine. Sikiliza baada ya neno "Bwana" kwenye zile sekunde, weka hedifoni, pandisha sauti: nyuma kabisa kuna jogoo. Produza amejaribu kumfuta hakufanikiwa. Kuna pumzi moja aliyoisahau kuikata, na kuna mwangwi wa chumba kidogo chenye bati juu. Anayetengeneza sauti ya bandia hahangaiki kutafuta jogoo wa kumweka nyuma. Ninachokiona ni demo, yaani rekodi ya majaribio, aliyojirekodi nyumbani kwa simu, akamtumia produza amtengenezee biti. Kama ni hivyo, produza anaposema "alirekodi studio kwangu" hasemi kweli, ila sababu inaweza kuwa ndogo tu. Wengi wanaona aibu kutangaza kwamba wanauza demo ya simu.

Wala si aibu. Wimbo wa "Now and Then" wa Beatles, bendi ya Uingereza, uliotoka Novemba 2, 2023, umetoka kwenye kaseti ya nyumbani ya John Lennon, mmoja wa wanabendi, ya miaka ya 1970, akiimba huku anapiga piano. Lennon aliuawa Desemba 1980. Wenzake walijaribu kuumalizia mwaka 1995 wakashindwa, piano ilikuwa inaifunika sauti na kaseti ilikuwa na mvumo wa umeme. Baadaye programu iliyotengenezwa na watu wa Peter Jackson, mwongozaji wa filamu, huko Nyuzilandi ikaweza kuitoa sauti na kuiacha piano. Mwenzake Lennon, Paul McCartney, alipotaja akili mnemba katikati ya mwaka 2023, watu wakaruka, wakadhani kompyuta imemwimbia Lennon, ikabidi afafanue kwamba hakuna kilichobuniwa, sauti ni ya Lennon mwenyewe imesafishwa. Baada ya hapo ubishi kuhusu nani anaimba haukuwa na nguvu, kwa sababu kaseti ilikuwepo na kila mtu alijua imetoka mikononi mwa nani.

Nasi tunao mfano wetu. Mbaraka Mwinshehe alipofariki mwaka 1979, santuri zake ziliendelea kutoka, ule mfululizo wa Ukumbusho. Zilikusanya nyimbo alizokwisha kuzirekodi na bendi yake. Kutoa upya kilichokwisha kurekodiwa hakuna utata. Utata huja pale mtu anapokuja na sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Twende wimbo wa pili, ambao umenichukulia muda zaidi. Kwenye kiitikio anaimba "zambi zangu". Kwenye nyimbo zote za zamani ni hivyohivyo: zambi, samani, sawabu. Wengi wetu wa bara tunasema hivyo na hakuna anayetushangaa mpaka tufike pwani. Ubeti wa kwanza pia ni hivyo. Ubeti wa pili ukifika, ghafla kuna "dhambi" na "thamani", ulimi umekaa kwenye meno sawasawa, mara zote bila kuteleza hata mara moja. Kiitikio kikirudi, "zambi" imerudi.

La pili ni pumzi. Kaka yako ana tabia ya kuvuta pumzi kabla ya neno la mwisho la mstari, halafu analiachia neno hilo kwa nguvu. Nadhani ni mazoea ya kuongoza kwaya, kwaya inasubiri lile neno ili iingie. Ubeti wa pili mistari yote imeenda mpaka mwisho kwa pumzi moja, na pumzi inavutwa pale ambapo mstari umeisha, kama anavyofanya mtu aliyezoea kuimba peke yake na biti.

Lakini rangi ya sauti ni yake. Ule ukavu kidogo, ile sauti inayotokea puani kwenye herufi m na ng', upo. Watu wa kwaya wanaosema "ni yeye" wanasikia rangi hiyo, nawaelewa.

Rangi ikiwa ya mtu na tabia si yake, uwezekano ni mitatu. Wa kwanza ni mtu mwenye sauti inayofanana, ndugu au mwanakwaya, ameombwa amalizie ubeti uliokosekana. Wa pili ni akili mnemba. Hapa nieleze, maana wengi wanadhani kompyuta inaimba yenyewe kuanzia mwanzo. Zipo zinazofanya hivyo, ila Kiswahili chake hujulikana upesi, mkazo unaangukia silabi isiyo yake. Njia inayotumika zaidi kumwiga mtu fulani ni nyingine: mtu hai anaimba ubeti mzima, kisha programu inaondoa rangi ya sauti yake na kuweka ya yule anayeigwa, baada ya kufundishwa kwa dakika kadhaa za sauti yake safi. Ndivyo ulivyotengenezwa ule wimbo wa Aprili 2023 uliowababaisha watu Marekani wakidhani ni wanamuziki Drake na The Weeknd. Ni kumvalisha mtu koti la marehemu: koti ni lenyewe, mwendo ni wa aliyelivaa. Matamshi, pumzi, kuwahi au kuchelewa kwenye biti, namna ya kulimalizia neno, vyote hivyo hubaki vya aliyeimba. Ndiyo maana nawaambia watu waache kusikiliza rangi wasikilize mwendo.

Uwezekano wa tatu ni kwamba ni kaka yako mwenyewe, siku nyingine, mbele ya mtu aliyekuwa anamsahihisha matamshi na kumkatisha pumzi. Nimeuweka mwisho lakini sijaufuta. Maproduza wengine ni wakali kweli.

Mdogo wako ameniandikia pembeni kwamba ametenganisha sauti na biti kwa programu, akaipeleka sauti kwenye tovuti inayopima kama ni ya akili mnemba, ikamletea asilimia kubwa. Mwambie asiitegemee hiyo. Programu za kutenganisha, kama Demucs na Spleeter, nazo ni akili mnemba; zinapoitoa sauti kwenye biti zinaacha michirizi na ule mlio wa majimaji kwenye herufi s, na kipimo kikikutana na michirizi hiyo kinasema "bandia" hata kama aliyeimba ni mzee wa kanisa aliye hai. Jambo jingine alilonionyesha ni kwamba kiitikio cha kwanza na cha tatu vinafanana mno. Ni kweli. Nilivipanga sambamba, nikayageuza mawimbi ya kimoja juu chini, nikavijumlisha, na karibu sauti yote ikapotea. Hakuna binadamu anayeweza kuimba mara mbili zikafutana namna hiyo, kwa hiyo ni kitu kimoja kimenakiliwa. Ila hilo linafanywa na kila studio, kwa walio hai na waliokufa. Lingekuwa jambo zito kama kiitikio hicho kingefutana na wimbo wake wa zamani, maana hapo tungejua ametolewa vipande huko akashonwa upya. Nimejaribu na zote tatu, hakifutani.

Sasa cha kufanya. Nendeni kwa produza, watu wawili au watatu, mmoja wenu awe anajua kutumia kompyuta, na mwende kwa heshima. Msimwambie ameiba. Mwombeni afungue projekti ya wimbo wa pili, yaani faili la kazi lenye vipande vyote, mbele yenu, na awape nakala ya folda nzima ya sauti mbichi kwenye flashi. Asiwape faili moja tu ya WAV iliyosafishwa, haiwafai kwa lolote.

Sauti mbichi ya mtu aliyeingiza sauti kweli huwa ni fujo. Huwa kuna teki, yaani raundi za kurekodi, zilizoharibika, mtu ameanza akakosea akacheka. Kuna kikohozi. Kuna "ngoja, rudisha pale". Kuna dabo zake alizoimba mara ya pili kunenepesha sauti, na ukizisikiliza sambamba hazilingani, neno moja limewahi, jingine limechelewa. Kuna adlibu, vile vionjo vya kuongezea, ambazo hazikutumika. Na kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote, biti inayovuja. Mwimbaji amevaa hedifoni, biti inapigwa humo, na maiki iliyo karibu na uso wake inaidaka kwa mbali. Nyamazisha biti yote kwenye projekti, acha sauti peke yake, pandisha, sikiliza pale anaponyamaza kati ya mistari. Kama aliimba studio utaisikia biti ikilia kwa udogo kama mbu. Mara nyingine utasikia biti si ile iliyoko kwenye wimbo sasa, ni ya awali kabla produza hajaibadilisha, na hapo ndipo ushahidi unakuwa mtamu, kwa sababu nani atakumbuka kughushi hilo? Sauti iliyotoka kwenye programu ya kubadilisha rangi, kati ya mistari huwa ni ukimya mtupu, au mlio wa ajabu pale ambapo programu ilijaribu kuigeuza pumzi kuwa neno. Kama ubeti wa pili una teki moja tu, safi, haina dabo, haina kosa, haina biti inayovuja, wakati ubeti wa kwanza una folda iliyojaa, mtakuwa mmeshapata cha kumuuliza.

Tarehe za faili zitazameni lakini msizitegemee sana. Ukinakili faili tarehe inaweza kubadilika, na kompyuta za studio nyingi zimeshahamishwa diski mara kadhaa. Nyingine betri ya ndani imekufa, umeme ukikatika inarudi miaka ya nyuma huko. Bora mazungumzo. Kwenye simu ya marehemu kuna WhatsApp yake na produza, na kama alituma demo au waliongea habari ya kwenda kuingiza sauti, itakuwemo. Simu hiyo msiiuze, msiifute, wala msimpe mtoto achezee. Muamala wa malipo ya studio kwa simu nao ni ushahidi mzuri.

Kuhusu haki nitakuwa mfupi, na kwa undani tafuteni wakili. Hakuna kitakachosogea kama familia haina msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, mnapeleka maombi, kwa familia nyingi za kwetu huanzia Mahakama ya Mwanzo. Bila barua ya uteuzi huo, produza, COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) na YouTube wote watawauliza ninyi ni nani. Ukiwa nayo, unasimama kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mashairi na melodi kama alitunga yeye, haki zake zinadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, na zinarithiwa. Biti ni ya produza, na rekodi aliyoigharamia ana haki nayo pia, kwa hiyo msiende mkidhani kila kitu ni chenu. Tafuteni kama kuna mkataba, hata wa karatasi ya daftari. COSOTA wanasajili kazi na wanasuluhisha migogoro ya namna hii kabla haijafika mahakamani.

Panapoteleza ni kwenye sauti iliyoigwa na mashine. Sheria ile iliandikwa kulinda kazi iliyotungwa na onyesho lililorekodiwa. Rangi ya sauti ya mtu, ambayo hajaimba nayo wimbo husika, haimo humo. Jimbo la Tennessee huko Marekani lilitunga sheria ya kulinda sauti ya mtu mwaka 2024, na mwaka huohuo wasimamizi wa mirathi ya rapa Tupac, aliyefariki 1996, walimtishia Drake kwa kutumia sauti ya Tupac ya akili mnemba, naye akauondoa wimbo. Kwetu msijenge hoja yenu juu ya sauti. Ijengeni juu ya utunzi, mkataba, na juu ya anachowaambia wanunuzi. Anayemwambia mteja kwamba huyu ni fulani wakati si yeye, anampotosha mlaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalo la kusema juu ya hilo. Mpaka mjue ukweli, msimwite tapeli Facebook wala kwenye magrupu ya kwaya. Akiwashtaki kwa kumchafulia jina mtakuwa mmejiongezea kesi juu ya msiba.

Mwisho, huenda mtajiuliza: ikionekana kweli produza aliumalizia ubeti ule kwa mtu mwingine au kwa kompyuta, je, wimbo ufutwe? Mimi nisingefuta. Wimbo wa kwanza ni mzuri, na kiitikio cha wa pili ni kazi ya kaka yako. Ningerekebisha maandishi yaliyo chini yake. Sasa hivi panasomeka jina la marehemu na maneno "wimbo mpya" basi. Mtakeni produza aandike kila kilichomo: sauti ya marehemu imetoka kwenye demo ya simu, mwaka fulani, biti na usafishaji ni wa studio fulani, mwaka fulani, ubeti wa pili umeimbwa na fulani, au umetengenezwa kwa akili mnemba kwa idhini ya familia, kama mtaitoa hiyo idhini. Na toleo la wimbo wa kwanza lisilo na Auto-Tune liwekwe pia, hata kama lina jogoo. Akikubali, mkae mgawane mapato kwa mkataba mbele ya wakili. Akikataa kuandika maneno hayo na akakataa pia kufungua projekti, chukueni barua ya usimamizi wa mirathi, nyimbo za zamani, na mazungumzo ya kwenye simu, mpeleke malalamiko COSOTA.